Neno «Uhuru» katika Elimu ya Nyota

Miongoni mwa maneno ya Kiswahili yaliyosafiri mbali, neno uhuru lina historia ya peke yake. Asili yake ni Kiarabu, hurr, yaani mtu asiye mtumwa. Kiswahili kikalivika kiambishi u- cha majina ya hali, kama katika utu na uzee. Katika miaka ya kudai serikali likawa neno la siasa, likasikika kutoka Mombasa hadi Shinyanga. Walakini neno hilo hilo limeandikwa pia katika vitabu vya elimu ya nyota, na habari ya jinsi lilivyofika huko haijasimuliwa vya kutosha katika lugha iliyolizaa.

Mwaka wa 1963, mwaka ule ule Kenya ilipopata uhuru wake, Maarten Schmidt, Mholanzi aliyekuwa akifanya kazi California, alipima nuru ya kitu kiitwacho 3C 273. Katika darubini kilionekana kama nyota ya kawaida. Lakini mistari ya nuru yake ilikuwa imevutwa upande wa wekundu kwa asilimia 16 hivi, ishara kwamba kiko mbali na dunia kwa zaidi ya miaka ya nuru bilioni 2, nacho chashinda galaksi nzima kwa kung'aa. Vitu vya namna hii vikaitwa kwasari. Tangu mwaka wa 1943 Carl Seyfert alikuwa amekwisha kueleza galaksi ambazo kiini chake, ingawa ni kidogo, chatoa nuru nyingi kupita kiasi. Swali likawa: ni moto gani huo? Moto uwakao ndani ya nyota za kawaida haukutosha.

Jibu lilitafutwa katika mionzi ya eksirei, nayo haifiki ardhini kwa kuwa huzuiwa na hewa. Mnamo Juni 1962 Riccardo Giacconi na wenzake walirusha roketi iliyogundua chanzo cha kwanza cha mionzi hiyo nje ya milki ya jua, katika kundi la Nge. (Nge ni jina la kale la Waswahili, kama lilivyo Mashuke, kundi ambamo imo 3C 273, anga halikuwa ugenini kwa lugha hii.) Roketi ilikaa juu ya hewa dakika chache tu, kama mtu atazamaye nyumba ya jirani kwa mwanga wa radi. Palihitajiwa chombo kitakachokaa huko miezi na miaka.

Chombo hicho kilirushwa tarehe 12 Desemba 1970 kutoka jukwaa la San Marco, lililosimamishwa na Waitalia wakiongozwa na Luigi Broglio baharini mbele ya Ngomeni, kaskazini ya Malindi. Mahali palichaguliwa kwa sababu mbili: karibu na Ikweta mzunguko wa dunia huisaidia roketi, na chombo kizungukacho juu ya Ikweta huepuka sehemu kubwa ya chembe za umeme zinazovuruga vipimo. Siku hiyo Kenya ilikuwa ikitimiza miaka 7 ya uhuru. Marjorie Townsend, Mmarekani aliyesimamia kazi hiyo, akakiita Uhuru kwa kuwaheshimu wenyeji. Ilikuwa adabu njema ya mgeni kwa mwenye nyumba, na haielekei kwamba aliyefikiri jina alifikiri pia lugha. Jina lilipanda kwa Kiswahili. Taarifa za uchunguzi ziliandikwa kwa Kiingereza.

Njia ya Uhuru haikutoka nje ya nyuzi 3 kaskazini au kusini ya Ikweta, nacho kiliizunguka dunia kwa dakika 96, zaidi ya kilomita 500 juu. Geita iko nyuzi 2 na dakika 52 kusini, karibu sawa na jukwaa lenyewe. Basi chombo kilipita juu ya Ziwa Viktoria mara kadhaa kila siku, na mara nyingine juu ya Geita yenyewe, ambako mgodi wa zamani wa dhahabu ulikuwa umefungwa mwaka wa 1966. Kwa Shinyanga, ambako Mwadui ilikuwa ikichimba almasi, kilipita kaskazini kidogo ya utosi wa mbingu.

Kikijizungusha taratibu, Uhuru kilipokea eksirei kutoka 3C 273 na kutoka galaksi za Seyfert kama NGC 4151. Yenye uzito zaidi, pengine, ni habari ya Cygnus X-1, katika kundi la Dajaja, ambayo mionzi yake ilipepesa kwa muda ulio chini ya sekunde moja. Kitu kipepesacho hivyo hakiwezi kuwa kikubwa. Wataalamu wakaafikiana baadaye kwamba hapo pana shimo jeusi linalovuta gesi ya nyota mwenzake, na gesi hiyo hupata joto kali kabla ya kumezwa. Mwaka wa 1964 Edwin Salpeter na Yakov Zel'dovich, kila mmoja kwa njia yake, walikuwa wametoa hoja kwamba kwasari hulishwa vivyo hivyo. Sasa palikuwa na mfano mdogo, wa jirani.

Uhuru kilinyamaza Machi 1973, kikaungua hewani Aprili 1979. Orodha yake ya nne, ya mwaka wa 1978, ina vyanzo 339, na kila kimoja chatanguliwa na alama 4U. Hiyo U ni kile kile kiambishi cha utu na uzee, kilichobaki peke yake baada ya shina kukatwa. Ariel 5 ya Waingereza, iliyorushwa kutoka jukwaa lile lile mwaka wa 1974, ilionyesha kwamba eksirei ni tabia ya galaksi za Seyfert kwa jumla. Roketi ya mwisho iliondoka San Marco mwaka wa 1988. Lakini NuSTAR, chombo cha Wamarekani kilichorushwa mwaka wa 2012, kilipochunguza mashimo meusi ya galaksi za mbali, vipimo vyake viliteremshwa katika kituo cha Malindi.