Plutarch na Tatizo la Neno "Wasifu"

Mfasiri anayekabidhiwa kitabu kikuu cha Plutarch hukwama kabla ya kufika ukurasa wa kwanza, kwani jina la kitabu lenyewe ni tatizo la istilahi. Mwandishi alikiita Bioi, yaani "maisha". Je, kwa Kiswahili tuseme Maisha au Wasifu? Kabla ya kujibu, yatupasa kumjua mtu mwenyewe.

Plutarch alizaliwa karibu na mwaka 46 baada ya Kristo huko Chaeronea, mji mdogo wa Boeotia nchini Ugiriki, wakati nchi hiyo ikitawaliwa na Roma. Alisoma falsafa Athens kwa Ammonius, akafundisha Roma, akapata uraia wa Kirumi, na kwa miaka mingi akawa kuhani wa Apollo huko Delphi. Hata hivyo hakuhamia mji mkuu. Asema alibaki katika mji wake mdogo ili usizidi kuwa mdogo. Papo hapo, katika maisha ya Demosthenes, aeleza kwamba alianza kusoma vitabu vya Kilatini umri ukiwa umesogea, na kwamba hakuyajua mambo kwa kupitia maneno, bali ujuzi wake wa mambo ndio uliomwezesha kuyafuata maneno. Sisi tunaounda istilahi tukiwa tumezungukwa na kamusi, bila kwenda kwa fundi, tungefaa kuisoma sehemu hiyo.

Katika Bioi aliwaweka watu wawili wawili, Mgiriki na Mrumi, na mara nyingi akawalinganisha mwishoni. Jozi 22 zimetufikia, mojawapo ikiwa na watu wanne. Tukiongeza wanne wasio na wenzao, jumla ni watu 50. Akianza habari za Alexander, atahadharisha kwamba haandiki historia bali maisha. Neno dogo au mzaha, asema, huweza kufichua tabia ya mtu kuliko vita vilivyoua maelfu, kama vile mchoraji anavyoushughulikia uso na macho kuliko viungo vingine.

Hapo ndipo neno wasifu linapotutia mashaka. Limekwisha kukubalika, nasi hatukusudii kulifuta. Shaaban Robert alilitumia katika Wasifu wa Siti Binti Saad, nalo lilifaa, kwa kuwa alimwandika mtu aliyemstahi. Lakini lina undugu na sifa na kusifu, na sikio la Mswahili hutazamia sifa. Plutarch hakukusudia kusifu tu. Jozi ya Demetrius na Antony aliitunga kwa makusudi iwe mfano wa watu waliopotoka. Msomaji anayeletewa "Wasifu wa Antony" atakuwa amepotoshwa tangu jalada. Shaaban Robert mwenyewe, alipoandika habari zake, alichagua Maisha Yangu. Kwa maoni yetu, Maisha Sambamba yatosha. Wapo wanaolihofia neno sambamba kwa sababu ya mistari ya hisabati isiyokutana kamwe, lakini watu pia hutembea sambamba, na bado wakazungumza.

Urithi wake umetufikia kwa njia ndefu. Jacques Amyot aliifasiri kazi hiyo kwa Kifaransa mwaka 1559. Thomas North akaitia katika Kiingereza mwaka 1579, akifuata Kifaransa cha Amyot, si Kigiriki. Shakespeare akachota kwa North alipotunga tamthilia ya Julius Caesar, ambayo Mwalimu Nyerere aliifasiri kwa Kiswahili mwaka 1963 na kuisahihisha mwaka 1969. Basi Brutus tuliyemjua katika Juliasi Kaizari amepita mikono minne tangu atoke kwa Plutarch. Atakayemfasiri kutoka Kigiriki chenyewe asishangae akimkuta si yule yule.

Zipo pia insha zake zaidi ya 70, ziitwazo kwa Kilatini Moralia na kwa Kigiriki Ethika: juu ya hasira, porojo, wajipendekezao kwa wakubwa, na namna ya kusikiliza. Wengi wangesema Maadili. Neno hilo si baya, ila laelekea upande wa yaliyo sawa, ilhali porojo si maadili ya mtu yeyote. Plutarch alishikilia kwamba tabia ya mtu hutokana na mazoea ya muda mrefu, na Kigiriki kina maneno mawili yaliyokaribiana sana kwa mambo hayo. Kiswahili chatumia neno moja, tabia, kwa yote mawili: ya kuzaliwa nayo na ya kuzoea. Kwa insha hizi, tungeanzia hapo.