Cheche: Jarida la Mlimani Lililozimwa Likiwa na Mwaka Mmoja

Novemba 2025 ilitimia miaka 55 tangu jarida la Cheche lipigwe marufuku katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kumbukumbu hiyo inastahili kuzungumzwa, kwa sababu hakuna kisa kinachoonyesha vizuri zaidi jinsi uhuru wa taaluma ulivyopiganiwa Mlimani, na jinsi waliotoa jasho lao kwa ajili yake walivyochelewa kushukuriwa.

Chuo kilianza Oktoba 1961 katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, kikiwa na kitivo kimoja tu, cha sheria. Mwaka 1964 kikahamia Mlimani. Oktoba 1966 wanafunzi waliandamana kupinga Jeshi la Kujenga Taifa la lazima, na mamia yao wakarudishwa nyumbani. Miezi michache baadaye likaja Azimio la Arusha, na siasa ya chuo ikageuka.

Katika mageuzi hayo ndipo kilipozaliwa USARF, chama cha wanafunzi wa mrengo wa kushoto kilichoanzishwa mwaka 1967 chini ya uenyekiti wa kijana kutoka Uganda, Yoweri Museveni. Wanachama wake walitoka nchi mbalimbali za Afrika. Walikuwa na madarasa ya itikadi Jumapili asubuhi, waliunga mkono vyama vya ukombozi vilivyokuwa na ofisi Dar es Salaam, na walimpata mwalimu na rafiki katika Walter Rodney, mwanahistoria kutoka Guyana.

Hawakuwa watu wa maneno matupu. Palikuwa na desturi iliyorithiwa kutoka vyuo vya Uingereza: siku moja kwa mwaka wanafunzi walivaa matambara na kuzunguka mjini kuchangisha fedha za hisani. Novemba 1968 vijana wa USARF na wenzao wa Umoja wa Vijana wa TANU waliona kwamba msomi anayelipiwa na mkulima hana haki ya kuigiza umaskini wa mkulima huyo. Siku ilipowadia, malori yaliyoandaliwa yakakutwa hayana upepo kwenye matairi. Desturi hiyo haikuinuka tena.

Mwaka uliofuata wakaanzisha Cheche. Wahariri wake, Karim Hirji, Henry Mapolu na Zakia Meghji, wote walikuwa wanafunzi. Hawakuwa na mtambo wa uchapaji wala mfadhili. Makala zilipigwa taipu kwenye stensili, zikadurufiwa, kurasa zikapangwa na kubanwa kwa mkono, kisha jarida likauzwa. Hirji, ambaye baadaye alikusanya kumbukumbu za wenzake katika kitabu kilichotolewa na Mkuki na Nyota, anaikumbuka kazi hiyo kama shule iliyomfunza mengi kuliko mihadhara.

Toleo lililotikisa ni lile maalumu la mwaka 1970 lililobeba andiko refu la Issa Shivji, kijana wa miaka 24 aliyesomea sheria. Shivji aliuliza swali ambalo wengi hawakuthubutu kulitamka: baada ya benki na viwanda kutaifishwa, ni nani hasa aliyeshika hatamu za uchumi? Jibu lake lilikuwa kwamba taifa lilikuwa na mvutano wa kitabaka usiosemwa, na kwamba urasimu ulikuwa unakalia kiti kilichoachwa na mabepari. Rodney na wasomi wengine waliandika maoni yao juu ya andiko hilo, wengine wakiliunga mkono, wengine wakilikosoa. Hivyo ndivyo chuo kikuu kinavyotakiwa kufanya kazi: hoja hujibiwa kwa hoja.

Serikali haikujibu kwa hoja. Novemba 1970, miezi minne tu baada ya chuo kuwa huru kutoka Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, ilikuja amri ya kuvunja USARF na kufunga Cheche. Sababu zilizotolewa zilikuwa mbili. Kwanza, Umoja wa Vijana wa TANU ulitosha, hapakuwa na haja ya chama kingine. Pili, jina la jarida lilifanana na lile la gazeti la Lenin, na hivyo lingewafanya watu wadhani kwamba Tanzania inajenga ujamaa wa Kirusi badala ya ujamaa wake yenyewe.

Jibu la vijana lilikuwa la werevu. Ikiwa tatizo ni jina la kigeni, basi na litafutwe jina ambalo hakuna Mtanzania angeweza kulikana. Mwaka 1971 likatoka MajiMaji, chini ya mwavuli wa Umoja wa Vijana wa TANU uleule uliosemwa kuwa unatosha. Liliendelea kwa miaka mingi.

Gharama ilikuja polepole. Hirji, aliyekuwa akifundisha hisabati, aliondolewa chuoni mwaka 1974 na kupelekwa Sumbawanga kuwa ofisa mipango. Taifa lilimnyima mwanafunzi wa hisabati mwalimu wake ili kumwadhibu mtu aliyeandika.

Machi 1978 wanafunzi waliandamana tena, safari hii kupinga nyongeza ya marupurupu ya viongozi, na mamia wakafukuzwa. Aprili 1990 wanataaluma wa vyuo vya nchi walipitisha Azimio la Dar es Salaam la Uhuru wa Taaluma na Wajibu wa Wanataaluma kwa Jamii. Mwezi uliofuata chuo kikafungwa, kikafunguliwa Januari 1991.

Tangu hapo mambo yamekuwa mengine. Meghji aliwahi kuwa Waziri wa Fedha. Hirji alikuja kuwa profesa wa takwimu za tiba. Mwaka 2008 Shivji alikuwa wa kwanza kukalia Kigoda cha Mwalimu Nyerere, heshima iliyotoka katika chuo kilekile ambako jarida lililobeba andiko lake lilikuwa limezimwa.

Lakini Kigoda kilimfikia mmoja. Kila Mei Mosi taasisi zetu huwapa vyeti wafanyakazi hodari: mhasibu, dereva, karani, mhadhiri. Ni jambo jema. Utumishi wa kuandika lisilopendeza, kudurufu usiku na kulitetea mbele ya wakubwa nao una haki ya kuwa na nafasi katika orodha hiyo. Wengi wa vijana wa Cheche sasa ni wazee. Chuo kinaweza kuanza kwa mambo mawili yasiyohitaji bajeti kubwa: kuyachapa upya matoleo yote ya Cheche kwa ajili ya wanafunzi wa sasa, na kuwaita wahariri na waandishi walio hai Ukumbi wa Nkrumah, wasimulie wenyewe, washukuriwe kwa majina.