Mhimili Uliotobolewa

Kabla ya mwaka 1980, gari la kusukumwa na magurudumu yote manne, tukiacha machache ya nadra, lilihesabiwa chombo cha shamba na cha askari, kwani nguvu ya injini ilipitia kwanza sanduku la pili la gia, zito na lenye makelele. Audi, walipodhihirisha Quattro huko Geneva mwaka huo, walileta hila ambayo kwangu ni latifu mno: mhimili wa giaboksi ya mkono waliutoboa mfano wa bomba, nguvu ikaenda nyuma hadi difu ya kati, yaani kigawanyaji cha nguvu baina ya mbele na nyuma, kisha sehemu yake ikarejea mbele kwa ufito upitao ndani ya tundu lile lile, na sehemu ikafuata propela hadi magurudumu ya nyuma. Kwenye utelezi, dereva aliifunga difu hiyo. Mwaka 1987 dereva Hannu Mikkola alishinda mbio za Safari Rally nchini Kenya kwa Audi 200 ya ukoo huo.