Babu Aliyekwenda Keya

Huenda nyumbani kwenu, msomaji, limo sanduku la bati lisilofunguliwa ila siku za matanga au siku za kugawana mali. Chini kabisa, pamoja na stakabadhi za kodi na karatasi zilizoliwa na mchwa, ipo nyota ya rangi ya shaba yenye pembe sita. Utepe wake ni mwekundu katikati, na kila upande una buluu iliyotiwa mstari wa rangi ya chungwa. Ukiuliza ni kitu gani, utajibiwa: "Ni cha mzee. Alikwenda Keya." Ukizidi kuuliza alikwenda lini, alipigana na nani, na alimwacha nani nyumbani, mmoja atasema Abisinia, wa pili atasema Burma, na wa tatu atakuambia ukafunge ng'ombe.

Nimekusudia kukuonyesha jinsi ya kumtafuta mzee huyo, hasa ikiwa kwenu ni Kosele, au Oyugis, au Kendu, au mahali pengine katika nchi ambayo leo ni kaunti za Homa Bay na Migori. Zamani za Waingereza nchi hiyo ilikuwa sehemu ya wilaya ya Kavirondo Kusini, iliyoitwa baadaye Nyanza Kusini, na makao ya DC yalikuwa Kisii. Ulikumbuke jambo hili, maana ukitafuta neno "Homa Bay" juu ya jalada la mwaka 1917 utarudi mikono mitupu.

Keya ni jina ambalo wazee wetu walilipa jeshi la King's African Rifles, lililoundwa mwaka 1902. Vita vya kwanza vilipoanza mwaka 1914 jeshi hilo lilikuwa na batalioni 3 tu. Vilipokwisha mwaka 1918 lilikuwa na batalioni 22. Wala vita hivyo havikuwa mbali na Kosele. Mwezi wa Septemba 1914 Wajerumani waliingia Kisii, na askari wa Keya wakatoka Kisumu kwa meli, wakashuka Kendu, wakapanda kwenda kupigana nao. Katika vita vya pili, watu yapata 98,000 wa Kenya waliingia jeshini, wengine kupiga bunduki, wengine kuendesha magari, kupika, kuchimba barabara au kuwauguza majeruhi.

Basi swali la kwanza ni hili: je, babu yako alishika bunduki au alibeba mzigo? Katika vita vya kwanza waliobeba mizigo walikuwa wengi kupita askari mara nyingi, na jina la kikosi chao, Carrier Corps, ndilo lililozaa Kariakor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam. Askari aliandikwa kwa namba, kwa jina, na kwa kikosi. Mpagazi mara nyingi alihesabiwa tu, kama vile anavyohesabiwa mfuko wa unga. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa taarifa iliyokiri kwamba watu wasiopungua 116,000 waliokufa katika utumishi wa dola ya Waingereza wakati wa vita vya kwanza, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Sanamu za askari na mpagazi zilizosimamishwa Nairobi mwaka 1928 unaweza kuziona hata leo katika barabara ya Kenyatta. Lakini usiende kusoma jina la babu yako pale, maana hapana jina la mtu hata mmoja.

Sasa tuiangalie nishani. Vijana wengi hudhani kwamba kila nishani ni ya ushujaa. Sivyo. Ile nyota niliyoieleza ni Nyota ya Burma, na alipewa kila aliyetumika katika vita vya upande ule, awe mpiga risasi au mpishi. Mwenye nyota hiyo kutoka kwetu huenda alikuwa katika Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyopita bonde la Kabaw katika mvua za mwaka 1944, kwenye matope na malaria, hata ikafika mto Chindwin mwezi wa Desemba. Hiyo si sifa ndogo. Lakini nyota yenyewe haitakuambia mwenyewe ni nani, kwa sababu nyota za vita vya pili walizopewa askari wetu hazikuchorwa jina. Ukiokota nyota sokoni, huwezi kujua ni ya mzee wa nani. Nishani za vita vya kwanza ni kinyume chake: zigeuze ubavu, uzisugue kwa kitambaa kikavu, na ukingoni utaona namba, cheo, jina na kikosi.

Nishani za ushujaa nazo zilikuwapo. Tangu miaka ya mwanzo ya Keya palikuwa na nishani maalum ya mwenendo bora vitani kwa askari Waafrika, na tangu mwaka 1916 ikawapo ile iitwayo Military Medal. Hizi zilichorwa jina, na huenda aliyetunukiwa alitangazwa katika gazeti la serikali ya Uingereza, London Gazette. Kwa wale wa vita vya pili, zimehifadhiwa pia huko Kew, London, karatasi nyingi za mapendekezo, ambamo ofisa anaeleza askari alifanya nini, siku gani, mahali gani. Karatasi kama hiyo ikipatikana ni hazina, kwani mara nyingi ndipo mahali pekee ambapo mtu mweupe alimwandika babu yako kwa sentensi nzima.

Lakini jihadhari na majina. Kwetu mtoto hupewa jina kwa saa aliyozaliwa au kwa hali ya siku ile: Otieno ni wa usiku, Okoth ni wa mvua. Hebu fikiri ni Otieno wangapi waliosimama katika mstari mmoja siku ya kuandikishwa, mbele ya karani asiyejua Kijaluo! Mmoja aliandikwa kwa jina la baba yake, mwingine kwa jina la ubatizo, na mwingine kwa tahajia aliyoitunga karani mwenyewe. Kwa hiyo namba ya jeshi ina thamani kuliko jina. Ukimkuta bibi anayeikumbuka namba ya mumewe, iandike palepale. Jina litakupeleka kwa watu hamsini, namba itakupeleka kwa mmoja.

Tukija kwenye ndoa, utapata taabu nyingine. Chini ya sheria ya mwaka 1904 ndoa za Waafrika Wakristo ziliweza kuandikishwa na kupewa cheti, na misheni zilitunza daftari zake. Waadventista, kwa mfano, walifika Gendia karibu na Kendu mwaka 1906. Lakini askari wengi hawakuoa kanisani. Walioa kwa ng'ombe, na ng'ombe hawana cheti. Je, ndoa hizo hazikuandikwa popote? Ziliandikwa, lakini pale zilipoharibika. Mke akirudi kwao, au mahari yasipotimia, shauri lilikwenda mbele ya baraza la wazee, na karani akaandika katika daftari: fulani anamdai fulani ng'ombe watatu wa binti yake. Ndoa iliyokaa kwa amani haikuacha maandishi. Iliyogombewa ndiyo uiwezayo kuisoma leo. Hii ni hitilafu ya ajabu katika historia, na mwenye kusahau jambo hili atadhani kwamba babu zetu hawakujua kukaa na wake zao. Tena wakati wa vita vya pili askari aliweza kuikata sehemu ya mshahara ipelekwe nyumbani kila mwezi, na ilibidi ataje apewe nani. Jina hilo ni ushahidi mkubwa, ingawa mwenye wake wawili alilazimika kumtaja mmoja, na pengine hapo ndipo uhasama wa nyumba mbili ulipoanza.

Nitakupa mfano wa jirani yetu anayejulikana duniani. Hussein Onyango, babu yake Barack Obama, alikuwa mtu wa pande za Kendu, kabla jamaa yake haijahamia Kogelo. Aliwatumikia Waingereza katika vita vyote viwili, zaidi kama mpishi. Kwa masimulizi ya nyumbani kwake alifika Unguja, akasilimu, na baadaye akafika Burma. Mjukuu wake alipokuja Kenya mara ya kwanza alionyeshwa kitabu kidogo cha utumishi, cha sheria ya watumishi wa nyumbani ya mwaka 1928, kilichomtaja Onyango kuwa na umri wa miaka 35. Kwa kitabu hicho watu wamekisia kuwa alizaliwa yapata mwaka 1895. Tazama jinsi karatasi ya tajiri, iliyotengenezwa ili kumchunga mtumishi, ilivyogeuka kuwa cheti chake cha kuzaliwa.

Lakini jamaa hiyohiyo ilisimulia pia kwamba Onyango alifungwa na Waingereza mwaka 1949. Katika kitabu cha mjukuu wake cha mwaka 1995 kifungo kilizidi miezi sita. Mwaka 2008, katika gazeti la Uingereza, kikawa miaka miwili, tena kwa ajili ya Mau Mau. Hapo msomaji wa historia hana budi kusimama. Mau Mau ilipigwa marufuku mwaka 1950, na hali ya hatari ilitangazwa Oktoba 1952. David Maraniss, Mmarekani aliyeandika habari za jamaa hiyo mwaka 2012, aliona kuwa kifungo hicho hakielekei kuwa kweli. Mimi singethubutu kumwita bibi mwongo. Kumbukumbu huweza kushika jambo na kupoteza mwaka wake. Kadhalika kutokuwapo kwa jalada si ushahidi wa mwisho, maana mwaka 2011 serikali ya Uingereza ilikiri kwamba majalada mengi ya Kenya yalikuwa yamefichwa huko Hanslope Park. Lakini ukiliandika jambo kama hili, andika kuwa limesimuliwa, useme na aliyelisimulia. Usiandike kuwa limethibitika.

Limebaki jambo la mirathi, nalo ni zito kuliko yote, kwa kuwa linagusa walio hai. Mwaka 1918 wapagazi waliokufa walikuwa wameacha mishahara isiyolipwa. Oscar Watkins, ofisa aliyekiongoza kikosi chao, aliitetea haki hiyo kwa miaka mingi. Serikali ikajibu kwamba wenyewe hawapatikani. Hawakupatikana kwa sababu hawakuandikwa vizuri walipochukuliwa. Ndiyo maana nasema kwamba kukosewa kwa jina si kosa dogo la kalamu: kulimnyima mjane fedha zake.

Na mrithi mwenyewe ni nani? Kwa mila ya Wajaluo mjane hubaki kuwa mke wa marehemu, na watoto anaowazaa na jater, yaani ndugu aliyemtunza, huhesabiwa kuwa wa marehemu. Basi usishangae ukikuta kwamba askari aliyekufa mwaka 1917 ana mwana aliyezaliwa mwaka 1921. Karani wa jeshi angesema haiwezekani. Wazee wa ukoo watakuonyesha shamba la mwana huyo. Leo shamba likiwa bado limeandikwa kwa jina la mzee, jamaa hupata barua ya chifu inayowataja warithi, wakaenda mahakamani, na tangazo likatoka katika gazeti rasmi la Kenya ili mwenye pingamizi ajitokeze kwa muda wa siku 30. Matangazo hayo ni mengi mno, nayo husomwa na wachache. Yasome. Nyumba iliyosahauliwa katika barua ya chifu huweza kuwa ndiyo nyumba ya huyo mwana.

Hata yule ambaye hakurudi, na jeshi likaandika kuwa kaburi lake halijulikani, huenda ana kaburi nyumbani. Zamani mtu akipotea ugenini, wazee walichuma tunda refu la yago, mti ambao watu wa pwani huuita mwegea, wakalizika mahali pake kwa matanga kamili. Jina lake laweza kuwa limechorwa katika ukuta wa ukumbusho kule Taukkyan, Burma, na tunda lake likawa limelala nyuma ya nyumba ya mama yake. Ukionyeshwa mahali hapo, andika ni upande gani wa boma, ni hatua ngapi kutoka mlangoni, na ni nani aliyekuonyesha.