Tope la Houston

Mimi ni mzaliwa wa Mombasa, na bandari yetu ya Kilindini jina lake linajieleza: kilindi tulikikuta. Ndiyo maana nilistaajabu siku niliposhika usukani kwenda Houston, Marekani. Rubani alipanda nje ya Galveston, tukakata ghuba pana ajabu, kumbe mahali pengi nje ya maboya maji hayafiki hata mita nne. Njia ya meli ni handaki lililochimbwa chini ya maji, kilomita 80 hivi hadi mjini.

Zamani bandari kubwa ya pale ilikuwa Galveston, kisiwani. Septemba 1900 kimbunga kikaua watu wasiopungua 6,000. Houston, mji wa bara kwenye kijito cha Buffalo Bayou, ukazidi kudai njia yake. Mwaka 1909 mbunge wa zamani Tom Ball aliongoza ujumbe hadi Washington na ahadi ambayo serikali haikuizoea: nusu ya gharama tutalipa sisi. Januari 1911 wapiga kura wakaidhinisha hati fungani za dola milioni 1.25. Hazikupata wanunuzi, mpaka mfanyabiashara Jesse Jones alipozunguka benki za mji moja baada ya nyingine. Novemba 10, 1914 Rais Wilson akabonyeza kitufe akiwa Washington kufungua njia, mzinga ukalia Houston. Kina kilikuwa futi 25.

Sherehe zile husimuliwa sana. Mimi nawakumbuka zaidi wachimba tope, kwani kila mvua hushusha udongo kwenye kijito, na mawimbi ya ghuba hurudisha kilichotolewa. Nani alipe, mwaka baada ya mwaka? Sheria ya 1986 ilitoza ushuru kwenye thamani ya shehena. Mwaka 1990 ukapandishwa kufikia senti 12.5 kwa kila dola 100. Mwaka 1998 Mahakama ya Juu ya Marekani ikaufuta kwa bidhaa zinazouzwa nje, kwa kuwa katiba inakataza kodi ya namna hiyo. Mzigo ukabaki kwa waagizaji zaidi.

Kisha, kwa miaka mingi, makusanyo yakazidi matumizi. Salio likarundikana katika vitabu vya serikali huku bandari zikililia kina. Naliita jambo hilo kuvunja amana: mwenye shehena alilipia maji, hakupewa maji.

Mwaka 2022 upanuzi mwingine wa njia ulianza, kutoka upana wa futi 530 hadi 700 ndani ya ghuba. Bandari ya Houston, kama mwaka 1911, imetia fedha zake.