Maltipo sklerosisi na ajira nchini Oman

Maltipo sklerosisi ni ugonjwa wa kudumu ambamo kinga ya mwili hushambulia ganda la neva za ubongo na uti wa mgongo. Kwa kawaida huanza kati ya miaka 20 na 40, na huwapata zaidi wanawake. Hivyo humkuta mtu akiwa kazini au akitafuta kazi.

Katika maeneo ya Sharqiyah na Dakhiliyah nchini Oman, kikwazo kikubwa kazini ni joto. Mwili ukipata joto, neva zilizoumia hupitisha ishara kwa shida: macho hufifia, miguu hulegea, uchovu huzidi. Hali hii, aliyoieleza daktari Wilhelm Uhthoff mwaka 1890, hupita mwili ukipoa, lakini asiyeijua huidhania uvivu. Oman huzuia kazi za juani saa 6:30 hadi 9:30 mchana, Juni hadi Agosti. Katazo hilo halimgusi mwalimu wa mji wa Ibra, Sharqiyah, mwenye darasa lenye joto, wala mvuvi anayejiajiri wa mji wa Sur, pia Sharqiyah.

Sheria ya Kazi ya 2023 (Amri ya Kisultani 53/2023) inaruhusu likizo ya ugonjwa hadi siku 182 kwa mwaka. Siku 21 za kwanza kwa mshahara kamili, 112 za mwisho kwa asilimia 35. Likizo huhitajika hata kwa miadi ya kawaida: Hospitali ya Chuo Kikuu cha Sultan Qaboos iko Muscat, takriban saa mbili kwa gari kutoka Ibra, kwa hiyo miadi moja huko humaliza siku nzima ya kazi.