Santuri Kuukuu na Madaraja Yake

Mwaka 1952 Hugh Tracey alinasa mjini Jadotville, yaani Likasi ya leo, nyimbo za Mwenda Jean Bosco, "Masanga" ikiwa mojawapo. Zilitolewa katika santuri za mizunguko 78 kwa dakika, za mchanganyiko wa lakiri uvunjikao upesi; baadaye santuri ndogo za plastiki, za mizunguko 45, zikashika nafasi yao.

Auzaye mkusanyo wake huzipanga kwa madaraja: juu kabisa ile isiyopigwa kamwe, kisha yenye mikwaruzo isiyosikika, chini ile irukayo. Macho hudanganya. Santuri ing'aayo yaweza kuwa imeliwa na sindano butu, hivyo muuzaji mwaminifu huisikiliza kwanza. Hutazama pia namba iliyochorwa karibu na kitovu, maana toleo la kwanza huzidi bei marudio.

Kwa maoni yangu, kipimo hiki huipendelea santuri ambayo haikupendwa. Iliyochakaa ndiyo iliyopigwa arusini na vilabuni, ikawafundisha watu maneno. Kwetu sisi tuchunguzao Kiswahili cha Katanga, hata sauti yake hafifu ni hati; mnunuzi akiikataa kwa mikwaruzo, hutupwa jalalani pamoja na matamshi yaliyomo.